Kikombe au mizani: kipi kipime nini jikoni

Anayeuliza kama anunue vikombe vya kupimia au mizani huwa anataka jibu moja. Majibu ni matatu, kwa sababu vyakula vikavu havina tabia moja. Unga wa ngano, kakao, sukari ya unga na nazi iliyokaushwa vipimwe kwa mizani. Sukari ya kawaida, mchele, maharage na choroko havina neno, kikombe kinatosha. Hamira, chumvi, magadi soda, iliki na mdalasini vipimwe kwa kijiko, hata kama mizani iko mezani inakutazama.

Kikombe hupima nafasi. Ndani ya nafasi hiyo kuna chakula na kuna hewa, na hewa ndiyo inayobadilika kila unapochota. Punje za sukari ni ngumu na karibu zinalingana, kwa hiyo hujipanga vilevile ukizimimina taratibu au ukizichota kwa haraka. Unga ni mlaini, chembe zake hushikana na kuacha mapengo, na mapengo hayo hufunga ukigusa tu chombo. Mizani haijali hewa. Gramu 120 za unga ni zilezile ukiwa umeuchekecha au umeushindilia.

Unga wa ngano, karibu karibu

Chukua kikombe cha Marekani, chenye mililita 237, na unga mweupe wa mfuko mmoja. Chekecha unga moja kwa moja juu ya kikombe mpaka ufurike, kisha pitisha mgongo wa kisu juu yake ubaki mfuto: utapata gramu 110 hadi 115. Sasa mwaga, ukoroge unga kwenye chombo chake ulegee, uutie kikombeni kwa kijiko bila kuukandamiza, usawazishe kwa kisu: 120 hadi 125. Mara ya tatu, zamisha kikombe ndani ya mfuko, kipandishe kimejaa, kifute juu: 140 hadi 150. Ukikigonga mezani mara mbili tatu na kukijaza tena, au ukiushindilia unga kwa kiganja, 160 inafikika.

Unga mmoja, kikombe kimoja, na kati ya njia ya kwanza na ya mwisho kuna tofauti inayokaribia nusu ya kiasi cha kuanzia. Njia inayotumika majumbani mara nyingi ni ya tatu, ya kuzamisha, na ndiyo inayowaangusha wengi wanapofuata resipi ambayo mwandishi wake alitia unga kwa kijiko.

Tuiweke kwenye chapati. Resipi inasema vikombe 4 vya unga na mililita 300 za maji. Kwa kijiko, vikombe 4 ni gramu 480, kwa hiyo kila gramu 100 za unga zinapata maji ya gramu 62 na nusu. Donge linakuwa laini, linasukumika bila kurudi nyuma, na chapati inachambuka. Kwa kuzamisha, vikombe 4 vinaweza kufika gramu 600, na kila gramu 100 zinabaki na maji ya gramu 50 tu. Donge linakuwa gumu, ukilisukuma linajikunja, na chapati inakauka kabla haijafika mezani. Maji ni yaleyale, na "vikombe 4" ni vilevile kwenye karatasi.

Kwa chapati na maandazi mkono huokoa mambo, kwa sababu mpishi huona donge limekuwa gumu akaongeza maji. Keki haikupi nafasi hiyo. Ukiona rojo ni zito baada ya unga kuingia, maziwa utakayoongeza yatakulazimu kukoroga zaidi, na kukoroga zaidi kunaamsha gluteni, ile protini ya ngano inayoufanya unga uvutike na kuwa mgumu. Keki hutoka imepanda kama kichuguu katikati, imepasuka juu, ndani kavu. Wengi hulaumu oveni. Kabla ya kulaumu oveni, pima kikombe chako cha unga.

Kuhusu unyevu wa Pwani, hofu ni kubwa kuliko tatizo. Unga wa kilo moja wenye unyevu wa asilimia 12 ukinyonya unyevu hadi asilimia 14 unaongezeka uzito wa gramu 23 hivi. Ni kweli, unga wa Mombasa au Unguja wakati wa masika utahitaji maji kidogo pungufu kuliko unga uleule huko Njombe wakati wa kiangazi. Lakini mtu anayezidisha gramu 25 kwenye kila kikombe kwa kuzamisha hana sababu ya kuhangaika na gramu 23 kwenye kilo nzima.

Kikombe cha nani?

Kabla ya kugeuza kitu chochote, jua kikombe kinachotajwa ni kipi. Cha Marekani ni mililita 237, na kwenye maandishi ya lishe ya vifurushi vya huko huhesabiwa 240. Cha Australia na New Zealand ni 250. Cha Japani cha jikoni ni 200, na kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja ndani ya sufuria ya umeme ya wali ni 180. Vitabu vya zamani vya Uingereza vilipotumia kikombe vilikusudia nusu painti, yaani mililita 284. Vijiko navyo havijasalimika: kijiko cha chakula ni mililita 15 karibu kila mahali, lakini cha Australia ni 20. Kijiko cha chai ni 5.

Kikombe cha chai cha kabatini hakimo kwenye orodha hiyo. Kimoja kina mililita 150, kingine 220, na kikombe kirefu cha kahawa kinapita 300. Kijiko cha kukorogea chai vivyo hivyo: vingine havifiki mililita 3, vingine vinapita 6. Kama resipi ni yako mwenyewe na kikombe ni kilekile siku zote, haidhuru, uwiano utabaki. Shida huanza pale unapochanganya kikombe chako na vijiko vya mtu mwingine, au unapompa ndugu resipi naye ana kikombe cha kwake.

Kukipima kikombe ni kazi ya dakika moja. Kiweke juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, kijaze maji mpaka ukingoni. Gramu zitakazosomeka ndizo mililita zake, kwa kuwa mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja. Seti za bei rahisi za vikombe vya plastiki zifanyie hivyo zote, cha nusu na cha robo pia, kwa sababu si ajabu kukuta robo nne hazitimizi kikombe kizima. Kama chako ni cha mililita 250, zidisha gramu za jedwali lililo hapa chini kwa 1.055. Sukari gramu 200 inakuwa 211, unga gramu 120 unakuwa 127 hivi.

Gramu kwa kikombe

Hesabu hizi ni za kikombe cha mililita 237, mfuto. Pale penye namba mbili, tofauti inatokana na ulaini wa bidhaa au namna ya kujaza.

| Chakula | Kikombe 1 (gramu) | Kijiko 1 cha chakula (gramu) | Kikombe kinaaminika? |
|---|---|---|---|
| Unga wa ngano mweupe, kwa kijiko | 120–125 | 8 | Hapana |
| Unga wa ngano usiokobolewa | 113–120 | 7–7.5 | Hapana |
| Unga wa mahindi | 120–160 | 8–10 | Hapana |
| Semolina | 165 | 10 | Kiasi |
| Wanga wa mahindi | 115–128 | 7–8 | Hapana |
| Sukari nyeupe | 200 | 12.5 | Ndiyo |
| Sukari ya kahawia, imeshindiliwa | 213–220 | 13–14 | Ikishindiliwa tu |
| Sukari ya unga | 115–120 | 7–7.5 | Hapana |
| Kakao | 85–100 | 5–6 | Hapana kabisa |
| Maziwa ya unga ya kawaida | 120–130 | 8 | Kiasi |
| Mchele | 185–195 | 12 | Ndiyo |
| Maharage makavu | 180–195 | – | Ndiyo |
| Choroko, dengu | 190–205 | – | Ndiyo |
| Karanga zilizomenywa | 145 | – | Kiasi |
| Oti bapa | 80–90 | 5–5.5 | Kiasi |
| Nazi iliyokaushwa | 80–95 | 5–6 | Hapana |
| Chumvi laini | 290 | 18 | Ndiyo, kwa kijiko |

Unga wa mahindi una pengo kubwa kuliko wote, na sababu ni usagaji. Dona ya mashine ya mtaani, yenye pumba na kiini, haikai kikombeni sawa na sembe laini ya kiwandani. Jedwali la mtandaoni lililotengenezwa kwa unga wa Marekani halikusaidii hapa. Pima kikombe cha unga unaoununua wewe, andika namba kwenye mfuniko wa chombo, basi. Na hii ni kwa mkate wa mahindi na uji wa biashara. Ugali haupimwi kwa mizani wala kikombe, mwiko unajua.

Kakao inastahili neno lake. Ni nyepesi, ina mabonge, na iko kidogo kwenye resipi, kwa hiyo kosa dogo la gramu linakuwa kubwa kwa asilimia. Nusu kikombe iliyochekechwa na nusu kikombe iliyoshindiliwa zinaweza kupishana gramu 10 kati ya 45. Zaidi ya ladha, kakao hunyonya maji kwa nguvu kuliko unga, na keki ya chokoleti kavu mara nyingi asili yake ni hiyo.

Maziwa ya unga yale yanayoyeyuka papo hapo, yenye chembe kubwa kama makombo, ni mepesi mno: karibu gramu 70 tu kwa kikombe. Resipi ya gulabjamun iliyoandikwa kwa aina moja ikipikwa kwa nyingine kwa kipimo cha kikombe haiwezi kutoka sawa.

Kugeuza resipi ya vikombe kuwa gramu

Tuseme una keki ya Kimarekani: unga vikombe 2¼, sukari vikombe 1½, kakao nusu kikombe, beking pauda vijiko 2 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai.

Anza kwa kutafuta kikombe cha mwandishi. Kama ametaja gramu popote, hata kwa kiungo kimoja, gawanya. Akiandika "vikombe 3 (gramu 360)" unga wake ni 120 kwa kikombe, anatumia kijiko. Akiandika "vikombe 3 (gramu 425)" ni karibu 142, anazamisha. Tumia namba yake katika resipi zake zote, usichukue ya jedwali. Kama hakutaja gramu, soma maelezo ya kujaza. Asiposema lolote, anza na 125, katikati ya njia mbili ukiegemea ile nyepesi, kwa sababu rojo jepesi kidogo linasameheka kuliko zito.

Angalia pia unga unachekechwa lini. Resipi inayotaka kikombe cha unga ambao umekwisha kuchekechwa inakusudia gramu 113 hivi. Inayotaka kikombe cha unga, kisha uchekechwe, inakusudia 120 hadi 125, na kuchekecha ni hatua ya baadaye. Kwenye vikombe vitatu, tofauti inakaribia gramu 30.

Sasa zidisha, tukichukulia mwandishi wa keki hii anatia unga kwa kijiko, gramu 120 kwa kikombe. Unga 2.25 mara 120 ni 270. Sukari 1.5 mara 200 ni 300. Kakao nusu ya 85 ni 42.5, andika 45. Beking pauda na chumvi viache kwa vijiko. Huna haja ya kuandika gramu 42.5, kumalizia kwenye 5 iliyo karibu kunatosha kwa kila kitu kinachozidi gramu 40. Ungezamisha kikombe kwa resipi hiyohiyo, unga ungefika 325, yaani gramu 55 za ziada, karibu nusu kikombe ambacho hakuna aliyekiandika.

Ukishapika ikatoka vizuri, futa vikombe kwenye daftari, acha gramu. Kubaki na vyote viwili kunamfanya atakayefuata achague asichopaswa.

Makosa matatu ya hesabu yanajirudia kuliko mengine. La kwanza ni kudhani mililita 240 za unga ni gramu 240. Hiyo ni ya maji. Unga una karibu nusu gramu kwa kila mililita, kwa hiyo unatia unga maradufu. La pili ni ndugu yake: kikombe cha Marekani ni aunsi 8 za ujazo, na aunsi 8 za uzito ni gramu 227, basi mtu anaandika kwamba kikombe cha unga ni gramu 227. Aunsi ya ujazo ni ya vitu vya maji, mililita 29.6. Aunsi ya uzito ni gramu 28.35. Majina yanafanana, vitu ni viwili. Ukikuta aunsi kwenye unga au sukari, chukua uzito, na pauni moja ni gramu 454.

La tatu linatoka kwenye mizani zenyewe. Nyingi za kidijitali zina kitufe kinachobadilisha gramu, aunsi na mililita. Ile "ml" haipimi ujazo. Ni gramu zilezile zimebandikwa jina jingine, kwa kuchukulia kwamba uliyoweka ni maji. Ukipima unga kwa "ml" hujapima kitu chochote ulichokusudia.

Pale kijiko kinapoishinda mizani

Mizani ya kawaida ya jikoni hubeba kilo 5 na kusoma kwa hatua ya gramu 1. Kwa gramu 500 za unga hatua hiyo si kitu. Kwa gramu 3 za hamira, kukosea gramu moja ni theluthi nzima. Zaidi ya hapo, mizani nyingi zimetengenezwa zijirudishe sifuri zikihisi mabadiliko madogo sana, ili zisicheze zikiwa tupu. Ukinyunyiza iliki kidogo kidogo, zinakula zile chembe za mwanzo bila kuonyesha, na unaishia kutia zaidi. Ukilazimika kupima kidogo kwa mizani ya aina hiyo, jaza kwenye kikaratasi kwanza, ndipo uweke kikaratasi chote kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo, kijiko cha chai, mfuto: hamira ya chembe gramu 3, beking pauda gramu 4 hadi 5, magadi soda karibu 5, chumvi laini 6, iliki iliyosagwa 2, mdalasini 2.6, pilipili manga 2.3, manjano 3. Beking pauda iliyokaa muda hushikana chini ya kopo. Ivuruge kabla ya kuchota, la sivyo kijiko cha leo si cha jana.

Chumvi ina mtego kwa wanaosoma resipi za Marekani. Wapishi wengi wa huko hutumia chumvi ya mapande makubwa, na kijiko cha chai cha ile ya chapa ya Diamond Crystal kina gramu 2.8 tu, cha chapa ya Morton ya aina hiyo karibu 4.8. Ukitia kijiko kilekile cha chumvi laini ya dukani kwetu unatia gramu 6. Nyama iliyolazwa kwenye chumvi iliyozidi hivyo inaharibika kabisa, haina dawa. Chumvi ya mawe ya Pwani nayo iko kati kati, kutegemea imepondwa vipi. Hapa ndipo gramu zinafaa hata kwa chumvi: ukipika kwa wingi, achari au nyama ya kilo kadhaa, pima chumvi kwa mizani, kwa kuwa kiasi sasa ni kikubwa kuliko kosa la mizani.

Hamira ina mtego wa pakiti. Resipi za Uingereza na Marekani zikisema "pakiti moja" zinakusudia gramu 7, ambazo ni vijiko vya chai 2¼. Pakiti nyingi katika maduka ya Afrika Mashariki ni za gramu 11, karibu vijiko 3½. Ukimwaga yote kwenye nusu kilo ya unga, maandazi yataumuka haraka, yatanuka hamira, na yakikutwa na joto la mchana wa Dar yataporomoka kabla mafuta hayajapata moto. Soma uzito uliochapwa kwenye pakiti.

Wanaotengeneza viungo vya kuuza au mikate ya majaribio hununua mizani ndogo ya pili, ile ya kusoma kwa hatua ya gramu 0.1, inayobeba gramu 500 au chini. Ni kifaa kizuri kwa kazi hiyo na ni cha kupoteza fedha kwa nyumba inayopika keki mara mbili kwa mwezi.

Mizani ipi

Mizani ya mshale yenye springi haihitaji betri, na hiyo ndiyo sifa yake kuu. Hatua zake huwa gramu 20 au 25, springi huchoka, na mshale usomwe macho yakiwa usawa nao. Ukisoma kwa juu utasoma vingine. Kwa kilo za unga wa maandazi inatosha. Kwa keki ya gramu 200 za kila kitu, hapana.

Ya kidijitali inashinda kwa sababu ya kitufe cha sifuri. Unaweka bakuli, sifuri, unga gramu 270, sifuri, sukari 300, sifuri, kakao 45, na hakuna hata kikombe kimoja cha kuosha. Kwa jikoni lenye maji ya ndoo hilo si jambo dogo. Ichague yenye sahani pana au yenye kioo cha namba kilichojitokeza mbele, kwani bakuli kubwa hufunika namba. Betri ya kidole ni rahisi kuipata kuliko ile ya duara bapa.

Yanayoiharibia kazi: kuiweka juu ya kitambaa au meza inayoyumba, feni inayoipulizia, kuiacha kando ya jiko la moto. Betri ikikaribia kuisha namba huanza kuhama zenyewe. Nyingine hujizima baada ya dakika chache, na ukiiwasha tena ikiwa na bakuli lililojaa nusu, imesahau yote. Dawa yake ni kuandika uzito wa bakuli tupu chini ya kitako chake kwa kalamu isiyofutika. Ikizima, unapima vyote na kutoa.

Kuihakiki, pima chupa ya plastiki ya lita moja ikiwa tupu, kisha ijaze maji lita kamili kwa chombo cha kupimia unachokiamini. Tofauti iwe karibu na 1,000. Ikisoma 985 kila mara, angalau unajua inavyodanganya, na kwa keki haitadhuru kwa kuwa viungo vyote unavyopima vinazidi kwa uwiano uleule. Ikisoma 985 leo na 1,020 kesho, haifai.

Anayeuza kwa kilo au gramu asitumie mizani hii kwa mteja. Mizani ya biashara lazima ihakikiwe na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo upande wa Tanzania, na kwa Kenya na idara ya vipimo. Ya jikoni haina chapa hiyo.

Ukiwa huna mizani

Kikombe kinaweza kubanwa kikatoa namba karibu zilezile kila siku. Koroga unga kwanza, tia kwa kijiko, usikigonge, futa kwa kitu kilichonyooka, na mtu yuleyule apime resipi nzima. Tumia kikombe cha kupimia vitu vikavu, kinachojazwa hadi ukingoni. Jagi la kioo lenye mistari ni la maji na maziwa; ukitia unga humo utalitikisa ulale usawa, na kulitikisa kunaushindilia.

Resipi ya gramu ikija bila mizani, tumia mfuko wa dukani kama uzito. Pakiti ya sukari ya kilo moja ni vikombe 5. Pakiti ya unga ya kilo 2, imwage yote kwenye sinia safi, isambaze iwe mstatili wenye kina kimoja, ikate kwa kisu mara mbili uwe na mafungu manne: kila fungu ni gramu 500. Kata fungu moja katikati, una 250. Ukiwa makini kosa halizidi gramu 20 au 30 kwa fungu, na kuzamisha kikombe mara nne hakukupi uhakika huo.

Maziwa ya unga na kakao huja kwenye vifuko vyenye uzito ulioandikwa, na kwa keki moja ni afadhali ununue kifuko cha gramu 50 ukitie chote kuliko kuhangaika na nusu kikombe kutoka kopo kubwa. Siagi ni rahisi zaidi: pande la gramu 250 likikatwa kati ni 125, na mara nyingi karatasi yake ina alama.

Kopo la sokoni

Hesabu hizi zinatumika pia nje ya jikoni, pale nafaka inapouzwa kwa kopo, gorogoro, kisado au ndoo. Mahindi makavu yana karibu kilo 0.72 kwa lita, maharage 0.78, mchele 0.8, karanga zilizomenywa 0.62. Ndoo ya lita 20, mfuto, ni mahindi kilo 14 na nusu hivi, maharage 15 na nusu, karanga 12 na nusu. Kichwa kinachopandishwa juu ya ndoo ndicho kinachobishaniwa, na ndicho kinachotofautisha muuzaji mmoja na mwingine, kwa sababu mahindi ya punje kubwa yanasimama na choroko zinateleza.

Zile kilo 2 zilizoandikwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia linalotumika kama gorogoro ni za mafuta, si za nafaka. Likijazwa karanga na likijazwa maharage halibebi uzito mmoja. Kabla ya kulinganisha bei ya kopo na bei ya kilo ya duka lenye mizani, tazama kitako cha kopo. Kikiwa kimebonyezwa kwa ndani, robo ya kikombe imekwisha kuondoka kabla hujaanza kupimiwa. Ukinunua mara kwa mara kwa mtu mmoja, peleka nyumbani kopo moja alilokupimia, liweke juu ya mizani ya jikoni, na ugawanye bei kwa gramu ulizozisoma.